Huoni Vizuri Kwenye Runinga? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kifaa

Malalamiko huwa ni yale yale: "Sioni vizuri kwenye runinga." Lakini anayesema hivyo huenda anaona ukungu, au anaona picha safi ila ndogo mno, au picha imefifia, au sehemu yake imepotea kabisa. Kila hali ina dawa yake, na dawa ya hali moja inaweza kuharibu nyingine. Kifaa cha kukuza kinachomfaa mwenye doa katikati ya jicho kitamzidishia taabu mwenye glakoma ambaye uoni wake wa pembeni umeshapotea. Ndiyo maana nasisitiza uanze kujichunguza ukiwa umekaa mbele ya runinga yako, ndipo uende dukani.

Kuna sababu nyingine ya kutokimbilia vifaa. Katika ripoti yake ya mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la kuona, na kwamba angalau bilioni 1 kati yao wana tatizo ambalo lingeweza kuzuiwa au ambalo bado halijatibiwa. Wengi katika hao wanahitaji miwani tu, au upasuaji wa mtoto wa jicho. Inawezekana nawe ni mmoja wao.

Majaribio mawili ya kuanzia

Chukua kipande cha karatasi ngumu, utoboe tundu dogo la upana wa milimita moja hivi. Vaa miwani yako ya kawaida kama unayo, funika jicho moja, kisha tazama runinga kwa jicho la pili kupitia tundu hilo. Picha itakuwa na giza kidogo, hilo lisikusumbue. Unachotafuta ni kama mistari na herufi zimekuwa kali zaidi. Zikiwa kali, sehemu kubwa ya tatizo lako ni lenzi: huna miwani, au uliyo nayo haikufai tena. Zisipobadilika, au zikizidi kuharibika, huenda chanzo kiko ndani ya jicho lenyewe, kama vile mtoto wa jicho, ugonjwa wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) au wa mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Rudia kwa jicho la pili.

Jaribio la pili ni kufunika jicho moja kisha jingine bila tundu lolote, ukitazama picha ile ile. Macho mawili hufichiana kasoro. Jicho moja linaweza kupoteza uwezo wake polepole kwa muda mrefu, na mwenyewe asijue kwa sababu lenzake linafanya kazi ya wawili.

Majaribio haya hayachukui nafasi ya kipimo cha mtaalamu wa macho. Kazi yake ni kukusaidia kumweleza mtaalamu jambo la maana zaidi ya "sioni".

Dalili zisizosubiri

Kabla ya kusogeza kiti wala kugusa rimoti, hakikisha huna mojawapo ya haya. Ukingo wa runinga ni mstari ulionyooka. Ukianza kuuona umepinda au una mawimbi, hasa kwa jicho moja, huenda kuna maji au damu chini ya makula, yaani sehemu ya katikati ya retina inayoona vitu kwa undani. Ugonjwa huo una sindano zake, na zinaokoa zaidi zikiwahi. Fika kwa daktari wa macho ndani ya siku chache, usingoje mwezi ujao.

Mimuliko ya mwanga, vidoti vingi vyeusi vilivyotokea ghafla, au kitu kama pazia kinachoshuka upande mmoja ni dalili za retina kuchanika au kubanduka. Hiyo ni ya siku hiyo hiyo. Jicho jekundu lenye maumivu makali, kichefuchefu na duara za rangi kuzunguka taa ni presha ya jicho iliyopanda ghafla, nayo ni ya siku hiyo hiyo pia. Na kama picha zimekuwa mbili ghafla au nusu ya skrini imetoweka, hasa pamoja na uso kupinda, mkono kulegea au maneno kutatizika, huenda ni kiharusi. Mtu huyo apelekwe hospitali wakati huo huo.

"Nina miwani lakini bado kuna ukungu"

Tazama kwanza namna unavyokaa. Miwani yenye nguvu zaidi ya moja imegawanywa: juu ni kwa mbali, chini ni kwa kusomea, na ile isiyo na mstari ina sehemu ya umbali wa kati baina yao. Ukijilaza kwenye kochi na kuegemeza kichwa nyuma, macho yanashuka na kupita kwenye sehemu ya kusomea. Runinga iliyo mita 3 mbele inakuwa ukungu mtupu, na mtu anadhani macho yamemharibikia. Keti wima, inamisha kidevu kidogo, utazame tena. Ukungu ukiisha, umepata jibu. Kama runinga imetundikwa juu ukutani, ishushe hadi katikati ya skrini ikaribie usawa wa macho. Kama unapenda kutazama ukiwa umelala, omba miwani ya pili yenye nguvu moja tu, iliyopimwa kwa umbali wa runinga yako.

Kosa jingine ni kutazama runinga kwa miwani ya kusomea. Miwani hiyo imetengenezwa kwa kitu kilicho karibu sentimita 40. Haiwezi kufanya kazi mita 3.

Lakini chanzo ninachoona kinapuuzwa kuliko vyote ni hiki: mtu mzima anashauriwa asogee karibu na runinga, anasogea, na ukungu unaongezeka. Anarudi nyuma akiamini ushauri ulikuwa mbaya. Ushauri ulikuwa sahihi ila nusu. Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho hupoteza polepole uwezo wa kujirekebisha kwa vitu vya karibu, na ukifika miaka ya sitini umebakiwa na uwezo mdogo sana. Miwani ya mbali haikusaidii tena kwa kitu kilicho mita moja. Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 1 kwa umbali katika mita, utapata nguvu ya kuongeza juu ya miwani yako ya mbali. Ukikaa mita 2, ongezeko ni dayopta 0.50 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Ukikaa mita 1, ni 1.00. Ukikaa nusu mita, ni 2.00. Pima kwa futi kamba umbali kutoka macho yako hadi skrini, uandike namba hiyo, uende nayo kwa mpimaji. Mwambie: "Nataka miwani ya umbali huu." Ombi hilo moja limewafaa watu wengi kuliko kifaa chochote cha gharama.

"Picha ni safi, ila ndogo: sura hazitambuliki, magoli siyasomi"

Hapa ndipo kukuza kunapofaa, na njia ya kwanza ya kukuza ni kusogeza kiti. Ukipunguza umbali kwa nusu, picha ndani ya jicho inakuwa kubwa mara mbili. Kutoka mita 3 hadi mita 1 ni mara tatu. Hakuna kifaa kinachokuza mara tatu bila kupunguza eneo unaloliona au kuleta giza, lakini kiti hakina hasara hizo.

Linganisha na kununua runinga kubwa zaidi. Kutoka inchi 43 hadi inchi 55 unapata ongezeko la asilimia 28 tu. Ongezeko hilo hilo ungelipata kwa kukisogeza kiti kutoka mita 3 hadi mita 2.3 hivi. Sisemi runinga kubwa haina maana. Nasema ije baada ya kiti.

Wengi wanaogopa kwamba kukaa karibu kunaua macho. Hofu hiyo imeenea, na ilipata nguvu mwaka 1967 pale General Electric ilipokiri kuwa baadhi ya runinga zake za rangi zilikuwa zinatoa mionzi ya eksirei kupita kiasi. Zile zilikuwa runinga za bomba la kioo zenye umeme wa volti nyingi. Skrini bapa za leo hazina bomba hilo na hazitoi mionzi hiyo. Kukaa karibu hakuharibu macho ya mtu mzima wala ya mtoto. Mtoto anayeng'ang'ania kukaa karibu apelekwe kupimwa, kwa kuwa huenda haoni mbali. Na kama ameshapimwa na ana uoni hafifu, kwa mfano mtoto mwenye ualbino, muacheni akae hapo hapo. Kumrudisha nyuma ni kumnyima kipindi.

Kama kiti hakiwezi kusogezwa, au familia inalalamika kwamba umewaziba, kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni kuhamishia kipindi kwenye kishikwambi. Kishikwambi cha inchi 10 kikiwa sentimita 35 kutoka machoni kinakupa picha kubwa karibu mara mbili ya runinga ya inchi 43 iliyo mita 3. Kiweke kwenye stendi ili mikono isichoke, na uvae miwani ya umbali huo, kwa kawaida karibu dayopta 3 juu ya ile ya mbali kwa mtu mwenye umri mkubwa. Njia ya pili ni miwani ya darubini.

Lenzi bapa kubwa ya plastiki inayosimamishwa mbele ya skrini siipendekezi kwa wengi. Imetokana na ubunifu wa Augustin Fresnel, Mfaransa aliyetengeneza lenzi za minara ya kuongozea meli katika miaka ya 1820. Kwenye mnara inafanya maajabu. Mbele ya runinga, mifereji yake inatawanya mwanga na kufifisha picha, inaakisi taa na madirisha, na inapindisha picha kwa yeyote asiyekaa katikati kabisa. Ikiwa tayari unayo na inakupa ukungu, izungushe upande wa pili, ibadilishie umbali kutoka kwenye skrini kidogo kidogo, na uzime taa zilizo nyuma yako. Isipotengamaa, iache.

"Nimenunua miwani ya darubini na inanisumbua"

Miwani hii ina lenzi mbili kwa kila jicho, moja mbele na moja nyuma, na pengo katikati. Aina inayofahamika sana ni MaxTV ya kampuni ya Eschenbach ya Ujerumani, inayokuza takriban mara mbili. Ikikataa kufanya kazi, sababu huwa chache.

Ukungu: kila jicho lina gurudumu lake. Funika jicho la kushoto, rekebisha la kulia mpaka herufi zikae sawa. Kisha fanya hivyo kwa la kushoto. Ukirekebisha yote mawili kwa pamoja huku macho yote yako wazi, hutapata sawa kamwe. Kama una astigmatizimu kubwa, yaani jicho lisilo na mviringo sawa pande zote, magurudumu hayawezi kuirekebisha; tafuta aina inayobanwa juu ya miwani yako mwenyewe.

Picha mbili: umbali kati ya lenzi haulingani na umbali kati ya mboni zako. Baadhi ya aina hurekebishika, nyingine hazirekebishiki. Kama jicho moja ni dhaifu sana kuliko lenzake, picha mbili zinaweza kubaki hata hivyo; hapo ni afadhali kuliziba jicho dhaifu.

Kingo za runinga zimekatika: umekaa karibu mno. Darubini hukuza kwa kupunguza eneo unaloliona, kwa hiyo rudi nyuma mpaka skrini yote iingie. Aina nyingi zimepangwa kwa mita 3 na kuendelea. Ukikaa karibu kuliko alivyoagiza mtengenezaji, gurudumu litafika mwisho na ukungu utabaki.

Kizunguzungu: kila unapogeuza kichwa, picha inakimbia kwa kasi mara mbili. Egemeza kichwa, anza na dakika chache. Na usisimame wala kutembea nayo. Vitu vinaonekana karibu kuliko vilivyo, na watu huanguka.

Zipo pia miwani za kielektroniki zenye kamera na skrini ndogo mbele ya macho, kama eSight. Hukuza zaidi na kuongeza tofauti ya weusi na weupe. Ni nzito zaidi, ghali, zinahitaji chaji, na baadhi ya watu hupata kichefuchefu. Usinunue kabla ya kuvaa na kutazama kipindi kizima.

"Kama kuna moshi mbele ya picha"

Picha iliyofifia hata ikiwa kubwa ni dalili ya kawaida ya mtoto wa jicho, hasa kama taa zinakuumiza na rangi zimekuwa za manjano au kahawia. Kukuza hakuondoi moshi; unapata moshi mkubwa zaidi. Dawa yake ni upasuaji wa kubadilisha lenzi ya jicho, na mtu anayesubiri miaka akinunua vikuza anajicheleweshea bure.

Wakati unangoja, au kama chanzo ni retina, shughulikia mwanga. Runinga isiwe mbele ya dirisha wala mkabala nalo. Usikae kwenye giza tupu. Weka taa hafifu nyuma ya runinga au pembeni yake, mahali ambapo balbu haionekani machoni. Kofia yenye ukingo husaidia kuzuia taa ya dari. Baadhi ya watu huona afadhali kwa miwani ya kichujio cha manjano, lakini ijaribu kwanza, kwani mwingine humpunguzia mwanga anaouhitaji.

Kisha nenda kwenye mipangilio ya picha. Runinga nyingi hujipunguzia mwanga ili kuokoa umeme. Zima kipengele hicho. Pandisha mwangaza wa nyuma wa skrini na kontrasti, yaani tofauti ya weusi na weupe, ila usipandishe kile kipimo kinachofanya weusi uwe kijivu, maana kitakurudishia moshi uleule. Tumia mandhari yenye giza kulinganisha: nywele nyeusi zinapotengana na ukuta nyuma yake, umefika. Samsung wameweka kwenye baadhi ya runinga zao mpya hali iitwayo Relumino, inayokoleza kingo za vitu kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Kama runinga yako inayo, ijaribu, wengine inawakera.

"Uso ninaoutazama ndio unaopotea"

Doa katikati, na pembeni panaonekana: hiyo ni kazi ya makula iliyochoka, mara nyingi kwa umri, wakati mwingine kwa kisukari. Kukuza kunafaa hapa kwa sababu uso mkubwa hauwezi kufichwa wote na doa. Lakini kuna ustadi unaozidi kifaa, nao ni kuacha kutazama moja kwa moja. Fikiria runinga ni saa ya mishale. Tazama kwenye namba 12, yaani juu kidogo ya skrini, na uone kama uso wa msomaji habari unajitokeza. Kisha namba 3, namba 6, na kuendelea. Kuna upande mmoja utakaokupa picha bora. Huo ndio wako, na kwa mazoezi ya kila siku macho huuzoea. Ukishaupata, hata kiti kinaweza kuwekwa upande ili shingo isiumie.

Wenye macho yanayochezacheza nao hupata nafuu kwa mtindo unaofanana na huu: wana pembe moja ambapo macho hutulia. Ukimwona anatazama runinga kwa kuinamisha kichwa upande, usimrekebishe. Sogeza kiti chake.

"Naona katikati tu", au "upande mmoja haupo"

Glakoma na baadhi ya magonjwa ya kurithi ya retina hula uoni wa pembeni. Mtu anaona mpira lakini haoni anayeukimbilia. Kwake yeye picha kubwa ni adui. Arudi nyuma, au atumie skrini ndogo, mpaka picha yote iingie kwenye sehemu iliyobaki. Ndugu wanaomnunulia runinga ya inchi 65 kwa upendo wanamfanyia kinyume.

Aliyepoteza nusu ya uoni baada ya kiharusi amepoteza upande ule ule kwa macho yote mawili. Kama ni kushoto, runinga iwekwe upande wake wa kulia, na afundishwe kupeleka macho kushoto mpaka auone ukingo wa skrini, kisha arudi.

"Mwanzoni naona, baada ya nusu saa naona ukungu"

Pepesa macho mara kadhaa. Ukungu ukiondoka na kurudi, macho yamekauka. Tukikodolea skrini tunapepesa kidogo. Geuza feni isikupige usoni, na uulize kuhusu matone ya machozi ya bandia. Kama una kisukari na uoni hubadilikabadilika siku hadi siku, pima sukari kabla ya kulaumu miwani.

"Naona vipindi, ila maandishi na menyu vinanishinda"

Fungua mipangilio, tafuta sehemu ya ufikivu (Accessibility). Maandishi ya chini mara nyingi hubadilishwa ukubwa na rangi. Herufi za manjano au nyeupe kwenye kisanduku cheusi husomeka vyema. Runinga na visanduku vingi vinavyounganishwa nazo pia husoma menyu kwa sauti: TalkBack kwenye vifaa vya Google, VoiceOver kwenye Apple TV, VoiceView kwenye Fire TV ya Amazon, ambayo pia ina kikuza skrini. Kwenye rimoti, bandika kitone cha plastiki kilichoinuka juu ya vitufe vitatu unavyovitumia zaidi. Vikizidi hapo vinachanganya vidole.

Kwa yule ambaye picha haimtoshi tena hata baada ya haya yote, kuna maelezo ya sauti: msimulizi anayeeleza, katikati ya mazungumzo, nani ameingia na amefanya nini. Netflix walianza kuyaweka mwaka 2015, na huduma nyingine kubwa zinayo. Hupatikana mahali pa kuchagua lugha ya sauti, si kwenye mipangilio ya picha, na ndiyo sababu wengi hawayaoni. Na kama tatizo lako ni kinyume, sauti ya mgeni imeanza kueleza kila kitu bila kuombwa, angalia kama inasimulia kipindi au inasoma menyu. Ikisimulia kipindi, badilisha lugha ya sauti. Ikisoma menyu, zima kisoma skrini kwenye ufikivu. Mara nyingi kimewashwa na mtu aliyebonyeza kitufe kwa muda mrefu bila kukusudia.